Jirani Aliyepima Kishimo cha Dirisha Langu Mara Nne

Nina miaka sabini na tisa. Nimezaa, nimezika mume, nimepita dhoruba za theluji ambazo huku Minnesota watu bado wanazisimulia.

Lakini sikuwahi kushuka chumba cha chini asubuhi nikakuta miguu ya mwanaume dirishani.

Miguu tu, jamani. Kuanzia mapajani kwenda chini. Suruali ya kazi, viatu vya mpira vyenye matope, na soksi za sufu zimechomoza juu ya viatu. Kiwiliwili hakionekani.

Nikaitazama ile miguu. Yenyewe imetulia tuli, kama inasubiri zamu kwa daktari.

Soksi moja ilikuwa na kiraka cha kijani.

Kiraka kile nilikishona mimi.

Hapo hapo nikasikia gari linaegeshwa mbele ya nyumba. Mwanangu Curtis. Amesafiri saa tatu kuja kuamua kama nitaendelea kuishi kwangu au nitapelekwa nyumba ya wazee.

Ngoja nianze mwanzo. Shule niliishia darasa la nne, mama alipougua, kwa hiyo nikipinda njia mnivumilie. Nitafika.

Naitwa Arlys. Nyumba yangu, kama nyumba zote za mtaa huu, ina chumba cha chini kilichozama ardhini. Ili dirisha la huko lipate mwanga, nje yake kumechimbwa kishimo, kikazungushiwa bati la migongo lililopinda kama nusu ya ngoma. Kishimo changu kinampita kichwa mtu mzima aliyesimama.

Ndani ya chumba hicho ndimo ilimo cherehani yangu. Ndimo ninamoshona mablanketi ya viraka ya kanisa, mwaka wa thelathini na moja sasa. Mwanga wa dirisha lile naujua kama uso wa mtu.

Shida ya kishimo ni kwamba kila kitu kinaangukia humo. Majani. Barua. Vyura. Mwaka juzi kofia ya mchungaji.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, akaanguka kicheche.

Kicheche ukimshtua anainua mkia anarusha harufu, halafu wewe na mapazia yako mnahama. Nikampigia simu jirani yangu Verlyn.

Verlyn ana miaka themanini na moja. Alifiwa na mke miaka minane iliyopita, mimi nikafiwa na Orrin wangu miaka sita iliyopita. Kabla ya kustaafu, Verlyn alifanya kazi miaka arobaini kwenye karakana ya bati. Mabomba ya hewa moto, mifereji ya mvua, mabomba ya moshi, vyote alikuwa anapinda yeye. Hicho kitu cha miaka arobaini mkikumbuke.

Akaja na ubao mrefu. Akauteremsha kishimoni taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ubao ukawa ngazi. Sasa ikabaki kicheche aamue mwenyewe.

Tukaenda kukaa ndani, karibu na cherehani, tukamchungulia kupitia kioo. Kicheche akautazama ubao. Akatutazama sisi. Akajikunja akalala.

Tulikaa saa tatu. Tukiongea kwa kunong'ona ili tusimwamshe. Nikamkaribisha Verlyn kahawa. Akakataa, hataki kunisumbua. Nikamkaribisha tena, akakataa. Mara ya tatu akakubali, kama anavyofanya mtu yeyote aliyelelewa vizuri. Akala vipande vinne vya mkate mtamu wa iliki.

Ilipofika mchana kicheche akaamka, akapanda ubao, akaenda zake.

Verlyn akasimama polepole. "Basi," akasema, "amepanda."

Alilisema hilo kama mtu aliyepata habari za msiba. Nami nikadhani amechoka kukaa.

Mwezi wa nne nikaanguka mimi.

Nilikuwa nimeshuka kishimoni kwa ngazi ndogo, nina upawa wa supu mkononi, kumwokoa chura. Ngazi ikateleza. Nikabaki chini, mimi na chura, saa mbili nzima. Sikuumia. Niliimba nyimbo za kanisa moja baada ya nyingine mpaka LaVonne wa nyumba ya tatu akatoka kuangalia nani anaendesha ibada siku ya Jumanne.

LaVonne hana siri. Jioni ile ile Curtis akapiga simu.

Mwanangu akikasirika hapazi sauti. Anaishusha. Siku ile ilishuka mpaka nikaogopa. Akasema hawezi kulala akiwaza mimi niko shimoni. Akasema Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano anakuja, na akikuta kile kishimo hakina kifuniko kinachokaa sawasawa, tutakwenda pamoja kuiona ile nyumba ya wazee ya mjini kwake, na hii tutaitangaza inauzwa.

Nyumba ambayo nimeishi miaka hamsini na minne.

Je, nilimwambia Verlyn habari hiyo? Sikumwambia. Huku kwetu mtu shida yake hamwambii jirani. Unamwambia upepo umegeuka. Nikasema tu, nikiwa naanika shuka, kwamba nimekuwa nikiwaza habari ya kifuniko, siyo kwamba kuna haraka.

"Siyo kwamba kuna haraka," akakubali Verlyn.

Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa mlangoni na tepu ya kupimia, daftari dogo, na penseli sikioni.

Kumbe kupima kishimo nako kuna maneno yake. Alilizunguka lile bati, akachuchumaa, akanyanyuka, akaguna. Aliniambia bati la kishimo huwa halikai kama lilivyotoka kiwandani, udongo unalisukuma kila unapoganda kwa baridi, kwa hiyo usipime sehemu moja ukaridhika. Nikamshikia ncha ya tepu. Baadaye kahawa, kukataa mara mbili, keki ya tufaha.

Baada ya siku nne akaleta kifuniko. Fremu ya chuma, plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kazi safi kabisa. Akakiweka.

Kikatumbukia ndani.

Moja kwa moja mpaka chini, juu ya majani. Tukasimama tunakitazama.

"Nilipima dirisha," akasema Verlyn. "Badala ya kishimo."

Nikamwambia ni jambo linaloweza kumpata yeyote. Akasema itabidi apime upya. Nikasema basi apite ndani kwanza, kuna upepo.

Akaja kupima tena. Safari hii alipima kishimo. Ila alipima ndani kwa ndani, kutoka ukingo wa ndani wa bati hadi ukingo wa ndani. Kifuniko kinatakiwa kilalie juu ya ukingo wa nje. Mimi wa darasa la nne nililiona hilo, kwa sababu ndivyo unavyochagua mfuniko wa sufuria. Lakini nani mimi nimfundishe mtu wa karakana?

Kifuniko cha pili kikateremka polepole zaidi kuliko cha kwanza. Kikakwama katikati, upande upande, kama mlevi kwenye ngazi.

"Loo," akasema Verlyn.

Nikaoka biskuti za siagi.

Cha tatu kilikaa. Kweli kilikaa, upana sawasawa, nikapiga makofi kidogo. Halafu nikaona mbele kimeachia nafasi ya kiganja kizima. Alikuwa amepima upana mara tano, lakini kutoka ukutani kwenda mbele hakupima hata mara moja.

Chura mmoja alikuja akatazama lile pengo. Akaingia mbele ya macho yetu, bila haraka.

LaVonne naye alikuwepo siku hiyo. Alikuja kurudisha sahani. Verlyn alipoondoka na kifuniko chake kwapani, LaVonne akanigeukia.

"Shoga, huyu bwana amefunga mabomba ya hewa kwenye shule, kanisa na benki. Hakuna hata moja linalovuja. Leo nusu duara inamshinda?"

Nikasema labda macho.

"Macho yake yaliona kipande cha mwisho cha keki kikiwa upande wangu wa meza," akasema LaVonne. "Mimi naona kuna jambo."

Nikamwambia aache umbea. Naye akaenda kuuendeleza nyumba ya nne.

Sasa sikieni kuhusu vyombo. Huku ukipewa chakula kwenye chombo cha mtu, hurudishi chombo kitupu. Ni aibu. Lazima ukirudishe na kitu. Na Verlyn hajui kuoka hata mkate wa kuchoma. Kwa hiyo kila nilipompa kitu cha kwenda nacho, chombo kilibaki kwake. Bakuli la kuokea viazi na nyama, sahani mbili za keki, sufuria ndogo, vyote vimejipanga jikoni kwake vikimsuta. Soksi zake nilizozishona ndizo pekee zilizokuwa zinakwenda na kurudi.

Wiki ile ya mwisho sikuwa na chombo hata kimoja. Jumanne, alipokuja kupima mara ya nne, nikachukua mkebe wa bati ninamowekea karatasi za mapishi, nikazitoa karatasi, nikajaza biskuti, nikampa.

Alhamisi asubuhi mambo yakaniharibikia.

Nilikuwa nahitaji kitu fulani. Nikapekua droo. Nikapekua kabati. Nikapekua Biblia, kitabu cha simu, mfuko wa vifungo. Ijumaa nikapekua tena mahali pale pale, kama vile kitu kinaweza kurudi kwa huruma. Ni kitu gani, nitawaambia mwishoni. Naona aibu.

Ijumaa Verlyn hakuja. Siku nzima. Nilikuwa nimeoka.

Jioni nikashuka kwenye cherehani, nikakaa bila kuiwasha. Nikalitazama dirisha. Kishimo kiko wazi. Kesho Curtis anakuja. Miaka hamsini na minne, na nyumba ninaiacha kwa sababu ya vyura.

Nikalala hivyo.

Basi ndiyo asubuhi ya Jumamosi nikashuka kuaga mwanga wa dirisha langu, nikakuta miguu.

Nilipokaribia, mkono ukashuka kutoka juu. Ukagonga kioo mara mbili, kwa adabu.

"Habari za asubuhi, Arlys," ikasema sauti iliyofunikwa. "Naona leo hakutanyesha."

"Inaonekana hivyo," nikasema. "Verlyn, uko kishimoni?"

"Kwa sasa hivi, ndiyo."

Nikasogea karibu kabisa na kioo, nikatazama juu. Juu ya kichwa chake palikuwa na kifuniko. Cha nne. Kimelala kwenye ukingo wote, pande zote, bila ufa wa kupitisha sisimizi. Hata pale bomba la mvua linapopinda ukutani palikuwa pamekatwa kwa ustadi.

Alinieleza yaliyomkuta. Alikuja mapema ili kifuniko nikione kimeshakaa. Kina vibano vinne vinavyokazwa kutoka chini. Akashuka, akakivuta juu yake, akakaza kibano cha kwanza, cha pili, cha tatu, cha nne, kwa umakini mkubwa. Halafu akakumbuka kwamba yeye mwenyewe yuko chini.

Spana ikamponyoka ikaanguka kwenye kokoto. Na kishimo hakikuwa na nafasi ya mtu kukunja magoti ya miaka themanini na moja.

"Una muda gani humo?"

"Sikutaka kukuamsha," akasema Verlyn.

Huko juu mlango wa gari ukafungwa.

Nikafungua dirisha. Linafunguka kuelekea ndani, siyo kubwa, lakini Verlyn ni mwembamba. Nikamwambia atangulize miguu. Akasema hataki kuchafua. Nikamwambia, "Verlyn, leta miguu."

Akaleta mmoja. Nikavua kiatu. Akaleta wa pili. Nikavua kiatu. Nikashika vifundo vya miguu yote miwili nikaanza kuvuta, naye anajisukuma kwa mikono huku akiniomba radhi. Kiuno kikapita. Shati likabaki nyuma, likampanda mpaka makwapani. Chini ya dirisha nilikuwa nimetandika blanketi la viraka nililokuwa nikiwashonea watu kwa harusi yao.

Hivyo ndivyo Curtis alivyonikuta alipofika mwisho wa ngazi. Mama yake, na gauni la kulalia, saa mbili asubuhi, anamvuta mwanaume kwa miguu kupitia dirishani, tumbo likiwa wazi.



Verlyn akamalizia kutua kwenye blanketi. Akateremsha shati.

"Curtis," akasema. "Barabara ilikuwaje?"

"Nzuri," akasema Curtis. "Kulikuwa na ukungu kidogo."

Mwanangu nilimlea vizuri.

Alitoka nje kwenda kukiangalia kifuniko. Sisi tukabaki ndani, hatutazamani. Tukamwona kwa juu akikivuta. Hakikunyanyuka. Akaingiza vidole pembeni, havikuingia. Mwisho akapanda juu yake, mtu wa kilo mia moja na kitu, akasimama, akarukaruka kidogo. Nyayo zake tulizitazama kwa chini kama samaki wanavyotazama mtumbwi. Kifuniko hakikulia hata kidogo.

Akarudi.

"Mama, hiki kinakaa. Nyumba haiuzwi."

Nikakaa kwenye kiti cha cherehani.

Verlyn akageuka. "Nyumba inauzwa?"

Curtis akamweleza yote. Tarehe, nyumba ya wazee, kila kitu. Nikamwona Verlyn uso unabadilika, rangi inatoka.

"Hukuniambia," akanigeukia. "Ulisema hakuna haraka."

"Ndiyo," nikasema. "Nilisema."

"Bwana Verlyn," akasema Curtis, na sasa naona alikuwa anataka kucheka, "miaka arobaini ya bati. Kishimo kimoja kimekuchukuaje mwezi mzima?"

Verlyn akatazama soksi zake. Akatazama kile kiraka cha kijani kwa muda mrefu.

"Siku ya kicheche nilikaa hapa na kahawa kwa muda wa saa tatu," akasema. "Baadaye nikawaza, kicheche hawezi kuanguka kila wiki."

Akaivuta soksi juu.

"Mtu haendi tu kukaa nyumbani kwa mwanamke bila kazi. Lazima uwe na kazi. Na hii kazi ingeisha siku ya kwanza."

Nilichoka. Yaani dirisha badala ya kishimo, ndani badala ya nje, lile pengo la chura, vyote alivipanga. Alikaa karakanani kwake akikosea kwa vipimo kamili.

Nilitaka kukasirika. Kweli nilifungua mdomo nikasirike. Mtu amekaribia kunipotezea nyumba kwa ajili ya keki.

Lakini Verlyn akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi ya kanisani ya zamani, imekunjwa mara nne, ina mafuta ya siagi. Akaiweka juu ya cherehani.

"Hii ilikuwa chini kabisa ya mkebe," akasema. "Imebandikana na karatasi ya nta. Nilimaliza biskuti Alhamisi."

Mimi sikuhitaji kuikunjua.

Ulikuwa mwandiko wa Orrin wangu. Mwaka mmoja kabla hajafariki aliwahi kukipima kishimo kile. Upana kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, sehemu tatu. Kutoka ukutani hadi mbele. Ukingo umechomoza kiasi gani juu ya udongo. Na chini, kwa herufi kubwa, alijiandikia akumbuke bomba la mvua. Kila kitu, mpaka robo ya inchi.

Hicho ndicho kitu nilichokuwa natafuta.

Sasa aibu yangu hii hapa. Karatasi ile niliiona siku ile ile ya kwanza Verlyn alipokuja na tepu. Nilikuwa natafuta pishi la keki ya tufaha, ikaniangukia mkononi. Yeye alikuwa nje, amechuchumaa kwenye baridi, anapima. Ningetoka nikampa, angeondoka baada ya dakika kumi.

Nikaikunja nikairudisha chini ya mkebe. Nikaweka maji ya kahawa.

Nilijiambia nitaitoa siku mbili kabla ya Curtis. Nilikuwa na hesabu zangu. Nisichokuwa nacho ni kumbukumbu, maana Jumanne nilimfungia biskuti ndani ya mkebe ule ule.

"Nilipoiona," akasema Verlyn, "nikajua unavyo vipimo tangu zamani. Na hukunipa." Akakohoa. "Nikawaza hilo siku nzima ya Ijumaa. Ndiyo maana sikuja. Nilikuwa natengeneza, na nilikuwa nawaza."

"Ukapata nini?" akauliza Curtis, ambaye angeweza kupanda juu akatuacha lakini hakupanda.

"Nimepata kwamba makosa yangu hayakuwa ya lazima kama nilivyodhani," akasema Verlyn.

Nikasema kahawa iko tayari.

Akasema hapana, hataki kunisumbua.

Nikamtazama. Akanitazama. Curtis akatazama dari.

"Ndiyo, asante," akasema Verlyn, kabla hata sijamkaribisha mara ya pili. Kwa mtu wa huku hilo ni jambo zito kuliko pete.

Wajukuu zangu mnaonisoma, bibi yenu elimu hana, lakini hili nimelilipia. Ukitaka kukaa na mtu, mwambie nataka kukaa na wewe. Ukipatwa na shida ya nyumba, mwambie jirani nina shida ya nyumba. Maneno mawili hayo yangetosha, tusingevuta mtu kwa miguu. Na blanketi la harusi nisingelifua mara tatu.

Verlyn amesharudisha vyombo vyangu vyote. Ndani ya kila kimoja aliweka kopo la maharage, kwa sababu ndicho alichokuwa nacho.

Nyumba yangu ina vishimo vingine vitatu. Vina vifuniko vya zamani, vizima kabisa, vinakaa vizuri, sijawahi kupata hata mdudu humo.

Verlyn anasema haviamini. Anasema lazima vipimwe.

Anakuja kesho saa nne. Nimeshaoka.